Jembe Begani

Mvua ya kwanza ikinyesha, jembe la mama hunukia chuma na udongo mle stoo, hapa mjini ambako sina hata tuta la mchicha.

Kwetu Kilolo, mtu mzima akionekana njiani mikono mitupu aliitwa mvivu. Kwa hiyo mama alikuwa akiweka jembe begani, ananishika mkono, tunatoka.

“Kamwene, mama! Shamba?” watu walimsalimu.

“Kamwene. Eeh, shamba.”

Njia ya shambani tuliipita kama hatuijui. Tuliingia kwenye msitu wa miti ya miwati, ukungu ukitulowanisha nyusi, majani yakibonyea chini ya miguu yetu. Mama aliimba taratibu. Nyumbani sikuwahi kumsikia akiimba.

“Mama, tunakwenda wapi?”

“Tembea tu, mwanangu.”

Tukifika kijitoni wakati wa kurudi, alilipaka jembe matope, baba asije akauliza. Nami nilipaka miguu yangu.

Leo asubuhi nimelitoa stoo, nikaliweka begani, nikashika njia. Jirani amenitazama kwa mshangao.

“Shamba?”

“Eeh,” nimemjibu, “shamba.”