Maji Yaliyomchongea Klementina

Hivi hamna bibi mwingine wa kumsumbua? Herufi zenyewe nimejifunza ukubwani, nanyi mnataka niandike habari za Klementina ng'wana Ndaki, yaani binti wa Ndaki. Haya, ila msinikatize.

Klementina ana chemchemi ya maji moto shambani kwake, huku Ipililo, chini ya majaruba ya mpunga. Pembeni yake huganda magadi, ng'ombe wakayalamba wakanenepa, na ng'ombe hao ndio waliosomesha wanawe. Basi alipokuja binti mtaalamu wa joto la ardhini, Evalina, na chupa zake, Klementina alimkagua kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mwangaluka, mayu," binti akaamkia, akimwita mama.

"Mwangaluka. Nani kakutuma unilainishe kwa Kisukuma?"

"Ndiyo lugha ya kwetu, mayu, Maswa. Nachota maji tu. Yatatuambia joto la huko chini."

"Yana mdomo?"

Klementina aliyajua hayo. Maji yakisifiwa, kesho unakuta uzio, nawe uko nje. Akamwambia arudi kesho. Alfajiri akashika jembe, akakata tuta la jaruba, maji baridi yakateremka hadi kwenye jicho la chemchemi. Kisha akaziba, akanawa miguu. Evalina akaja, akachota, akashukuru, akaondoka.

Mwezi haujaisha, huyo karudi.

"Mayu, yale ni maji mawili. Maji ya chini sana, mawe ya moto huyapunguzia madini ya magnesi. Yale yana magnesi tele kama ya juu. Tena yana mbolea ya mpunga. Kule chini nani analima?"

Klementina akatazama ng'ombe. "Nani kakuambia?"

"Yenyewe."

"Na yakiwa ya moto sana, mtanifukuza?"

"Hilo siamui mimi, mayu. Ninaloweza ni kukuletea nakala ya majibu."

Binti angeapa kwamba hafukuzwi mtu, angefukuzwa yeye kwa fimbo. Kwa kuwa hakuapa, Klementina akamruhusu achote upya, maji yakiwa matupu. Lakini kila chupa aliichora chapa ya ng'ombe wake isibadilishwe njiani, na moja akabaki nayo mwenyewe.

Karatasi ya majibu imefika. Mwenyekiti wa kijiji kasoma, kasema ni habari za joto tu, uzio haumo. Mwalimu Selestini naye kasema hivyohivyo. Klementina anaona wamepatana kumficha. Mimi nimejaribu, tarakimu zikanishinda.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, macho unayo. Njoo Ipililo umsomee karatasi ile yote, polepole, bila kuruka mstari, na kabla ya kuja usipite kwa mwenyekiti.