Samaki Waliokatazwa Kuoza

Kiwandani walimwita Pua. Miaka kumi na saba kwenye meza ya kupara samaki, ukimpa samaki anamfunua mashavu, ananusa mara moja, anakwambia, "Huyu ana siku nne tangu afe." Hakosei. Ila sheria mpya ikaja: anayepitisha samaki wa kuuzwa nje lazima awe na cheti, na pua haigongwi muhuri. Bosi akampeleka mafunzo ya utafiti, miezi sita. Akirudi na cheti, ni mkaguzi: koti jeupe na kiti. Akirudi bila cheti, ni meza ileile na kiuno kilekile kinachouma.

Utafiti wenyewe ulikuwa kuozesha samaki kwa adabu. Wanalazwa kwenye barafu siku kumi na mbili. Kila baada ya siku tatu anatoa wawili, anasaga nyama, anapima kemikali inayopanda kadiri samaki anavyooza, anatia nukta kwenye grafu. Ndivyo wasomi walivyo: chupa kumi na nane na mashine moja, kujua jambo ambalo paka analijua bure.

Siku ya tisa akafungua kasha. Barafu ipo, samaki hakuna.

"Usihangaike, dada yangu," mzee anayetunza stoo ya chuo akasema, uso umemchanua kama aliyeopoa mtoto kisimani. "Nimewatia kwenye friza juzi. Walishaanza kunuka. Nikasema, huyu mama wa watu atapata hasara."

"Mzee wangu, nilitaka wanuke."

"Mtu mzima na akili zako, utake samaki anuke?"

Hata kumgombeza alishindwa. Utamgombezaje mtu aliyekutendea wema?

Akamkimbilia mkufunzi wake, binti ambaye yeye angeweza kumzaa.

"Anza upya basi, mama."

"Siku kumi na mbili, mwalimu? Tunafunga Ijumaa."

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Ah. Pole."

"Lakini naweza kukwambia siku ya tisa wanakuwaje. Nawajua hawa."

"Najua unawajua. Jopo la watahini halipokei harufu, mama. Linapokea namba."

Ijumaa, mbele ya jopo, mstari wa grafu yake ukapanda mpaka siku ya sita, ukakatika hewani kama daraja lililokimbiwa na mkandarasi. Mwenyekiti wa jopo akauliza kulikoni. Akaeleza. Wakacheka, mmoja mpaka akavua miwani. Kisha, wakiwa bado wanajifuta machozi, wakaandika: matokeo hayajakamilika, cheti hakitolewi.

Akatoka, akakaa kwenye ngazi, akampigia bosi.

"Nimefeli, bosi."

"Umefelije?"

"Samaki hawakuoza."

"Sasa si ndicho tulichokutuma ukajifunze?"

Akafungua mdomo aeleze: barafu, grafu, friza, huruma za mzee. Yote yakamjia kwa pamoja, yakakwama mlangoni kama watu wanaokimbia moto.

"Haya," bosi akasema. "Jumatatu njoo na kisu chako."

"Sawa, bosi."