Siku ya Tano ni Ipi?

Baiskeli yangu ilikuwa na pampu kwenye fremu na spoki sabini na mbili. Najua kwa sababu nilizihesabu mara mbili. Miaka ile ya sabini nilivusha nayo watu na mizigo yao kutoka kizuizi cha Busia upande wetu hadi upande wa Uganda. Bila baiskeli ningebaki na miguu miwili tu, na miguu kila mtu anayo.

Kwa hivyo yule mwenye redio alipofika sokoni, nilimwangalia kwa jicho moja, la pili likabaki kwa baiskeli. Alikuwa na meza, kiboksi cha maswali na redio mpya ya betri. Unaweka kitu chako mezani, anakuuliza swali. Ukipata, redio ni yako. Ukikosa, kitu ni chake.

Nilikuwa nimemwona kule Nambale wiki iliyotangulia. Huko alianza na maswali ya bure, ya kuchangamsha watu: gitaa lina nyuzi ngapi, maji yanachemka kwa digrii ngapi, blubendi ya kupaka mkate ni ya maziwa au ya mafuta. Watu wakajibu, wakapewa peremende, wakajiona maprofesa. Ndipo mmoja akaweka jogoo, akaulizwa: siku ya tano ya wiki ni ipi? Akasema Ijumaa, vile watoto wa shule wanahesabu tangu Jumatatu.

"Pole! Ni Jumatano. Hiyo tano huisikii ndani yake?"

Jogoo akaingia kikapuni.

Sasa hapa Busia, mama mmoja kutoka Matayos akaweka blanketi. Swali lile lile. Nikamnong'oneza: Jumatano. Akasema Jumatano.

"Pole, mama. Ni Alhamisi. Kanisani Jumapili ndiyo ya kwanza, hesabu mwenyewe."

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Kweli, Alhamisi. Yule mama akaniangalia kana kwamba blanketi nimejifunika mimi.

Nikasukuma baiskeli hadi mezani.

"Boss, naweka hii. Lakini nikipata, nachukua redio na blanketi ya mama."

"Redio peke yake."

"Basi acha niende, abiria wananingoja."

Hakukuwa na abiria hata mmoja. Nilipiga hatua tatu.

"Haya, rudi. Na blanketi."

"Na jibu uandike kwanza, umpe yule mama wa uji anayeuza hapo kando ashike."

Akaandika, akachukua muda mrefu kuliko neno moja linavyotaka. Mama wa uji akaikunja karatasi, akaiweka chini ya kikombe.

"Siku ya tano ya wiki ni ipi?"

"Wiki ya nani?" nikauliza.

"Wiki ni wiki."

"Ya shule, ya kanisa, ama ya Kiswahili?"

"Kwani hapa tunaongea lugha gani?"

"Basi ni Jumatano."

"Alhamisi!" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye usukani.

"Mama, hebu soma."

Mama wa uji akafungua karatasi, akasoma polepole: "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa." Akaigeuza kuona kama kuna zingine nyuma.

"Kumbe huyu jamaa ana wiki tatu!" akasema mzee mmoja muuza viatu, aliyekuwa amesimama na baiskeli yake karibu na yangu. "Mpeni na Jumamosi, akafungulie meza kule Malaba."

Meza ikapinduliwa. Mama wa Matayos akachomoa blanketi yake. Redio ikavuka mpaka na mwenyewe, akikimbia kwa miguu. Alikuwa mtu wa kwanza siku ile kuvuka bila kuniomba nipunguze nauli.

Mimi nikashika baiskeli yangu. Spoki sabini na mbili. Nikarudia: sabini na mbili.

Pampu haikuwepo.

Mwenye redio hakuichukua. Alipokimbia, mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia redio. Mikono hiyo niliitazama mara mbili. Basi pampu ilienda na mtu wetu. Tangu siku ile, kila yule mzee wa viatu aliponisalimu, kabla sijaitikia niliinama kidogo, nikabonyeza magurudumu ya baiskeli yake kuona yamejaa upepo kiasi gani.

Yalikuwa magumu kama jiwe. Yote mawili.