Kaseti ya Medard

Medard alikuwa mbishi, tena wa kukera, lakini mwongo hakuwa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu huko kwao Mwanza wanasema vingine.

Tulipanga nyumba moja Guangzhou, China. Mimi nilinunua nguo soko la Liuhua na kuzisafirisha nyumbani, yeye aliwatafsiria wafanyabiashara. Viza yake ilishakwisha zamani. Ndiyo maana mama yake alipofariki hakwenda kuzika; angetoka, asingerudi tena. Kaka yake, Agustino, akamkatia simu na hakuipokea tena.

Utotoni ndugu hao walikesha wakibishana juu ya michezo ya TV gemu. Ninja wa kaseti hii na bondia wa kaseti ile, wakikutana, nani atapigwa? Hawakuweza kujua, maana kaseti ni mbili. Basi Medard akakaa kwenye kompyuta mwaka mzima, akawakusanya mashujaa wote wale wa zamani kwenye gemu moja. Ukiiwasha tu inaandika: "Agustino, njoo tumalize ubishi. Nisamehe kwa ajili ya mama." Aliponionyesha nililia, jamani.

Hakutaka kuuza. Alitaka kaseti moja tu, nimpelekee kaka yake. Akaenda kwa laobani mmoja, mwenye duka la gemu, amtengenezee hiyo kaseti, akafanya kosa letu sisi sote: akaacha sampuli ya gemu ilale dukani. Sampuli ikilala kwa laobani si yako tena. Magauni yangu mangapi yameondoka hivyo! Alipofuata kaseti yake akaambiwa "meiyou", hakuna. Baadaye kidogo gemu yake ikajaa madukani, maneno kwa kaka yake yamefutwa, yamewekwa ya Kichina.

Ilikuwa 2009, msako wa pasipoti umepamba moto. Nikamwambia, "Medard, kaa ndani! Si utengeneze nyingine?"

"Dada Kalista, wamelifuta jina la kaka yangu," akanijibu, huku anavaa viatu.

Polisi walimkamata mlangoni mwa duka lile lile. Mwenye nyumba akaingiwa na hofu, akatupa vitu vyake vyote kabla sijarudi kutoka sokoni, kompyuta ikiwamo. Mshenzi mkubwa!

Nikainunua kaseti kwa yule yule mwizi. Ningefanyaje? Medard akiwa bado kizuizini, nikaipeleka Mwanza, nikamweleza Agustino kila kitu. Akaichomeka, akayakodolea macho yale maandishi ya Kichina.

"Yako wapi hayo maneno, dada?"

"Wameyafuta."

Akacheka kicheko kibaya. "Hata mama hakuja kumzika. Leo ananinunulia kitu cha dukani, anasema kakitengeneza yeye. Na uongo wenyewe hauleti mwenyewe, anakubebesha wewe."

Niliapa. Niliapa kwa marehemu mama yao, mpaka sauti ikanikauka. Agustino akaichomoa kaseti, akanirudishia mkononi, akaniuliza kama nitakunywa chai.