Gauni la Mtoto Ambaye Hajafika

Mlango wa darasa letu pale Nshambya una majina matatu, moja limeandikwa juu ya jingine, na rangi haijaweza kuyaficha. La chini kabisa ni Maarifa ya Nyumbani. Likafuata Sayansikimu. La juu, jipya, ni Ufundi wa Ushonaji. Bibi yangu aliingia kwa mlango huo enzi za jina la kwanza, akiwa mke mpya, watawa walipokuwa wakiwafundisha wanawake kupiga pasi, kuoka keki na kuogesha mtoto. Mimi niliingia baada ya darasa la saba, mvulana peke yangu kati ya wasichana kumi na mmoja.

Mtihani wetu wa vitendo ulikuwa gauni la mtoto mchanga. Mwalimu alitupa wiki mbili. Wenzangu walikata kitambaa siku hiyo hiyo. Mimi sikukata.

Nyumbani kwetu Buhembe dada yangu alikuwa amerudi kutoka kisiwa cha Goziba, ambako mume wake anavua, ili ajifungulie kwa bibi. Siku zake zilikuwa zimekaribia. Na kwetu mtoto ambaye hajafika hashonewi nguo. Kwa bibi hiyo haikuwa mila tu. Mimba yake ya kwanza alikuwa nayo katika darasa lile lile. Alishona gauni, watawa wakalisifu, wakalitundika ukutani. Mtoto akazaliwa bila kulia. Walimzika kwenye kibanja, katikati ya migomba nyuma ya jiko, amefungwa khanga, maana mama mkwe alikataza gauni lile lisiletwe nyumbani. "Ulimpima kabla hajafika," alimwambia bibi. Hayo bibi alinisimulia mara moja tu, tukimenya ndizi, na ndizi aliyokuwa ameshika aliimenya mpaka ikabaki nyembamba kama kidole.

Wiki ya pili kitambaa changu kilikuwa bado kizima.

"Huyu anaogopa mkasi," msichana mmoja alisema.

"Haogopi mkasi, anaogopa mtoto! Fundi, kwani baba yake ni nani?"

Walicheka mpaka cherehani zikasimama. Mwalimu alikuja mezani kwangu. "Kijana, kitambaa unakishona au unakiombea?"

"Nitashona, mwalimu."

Ningeweza kumweleza. Lakini yeye ndiye aliyetufundisha malezi, kwamba nguo za mtoto ziandaliwe mapema, zifuliwe, zipigwe pasi, mama aende nazo hospitali. Ningesema nini mbele ya wasichana wale? Nikishona, nitamwitia mauti mtoto wa dada. Nisiposhona, sipati cheti, na shule nyingine sina.

Siku moja kabla ya kukabidhi magauni, mwalimu alinituma kabatini kuchukua pini. Chini ya kopo la pini palikuwa na nguo za mfano za miaka mingi, zina harufu ya mende. Katikati yake nikaona gauni dogo jeupe lililogeuka rangi ya chai. Nililigeuza ndani. Mwisho wa kila mshono uzi ulikuwa umerudi nyuma mara tatu, kisha ukapita chini ya mwenzake. Hivyo ndivyo bibi anavyofunga uzi. Sijaona mtu mwingine anayefunga hivyo isipokuwa mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Nililitia ndani ya shati. Lilikuwa la baridi tumboni.

Sikuwaza kuwa ni wizi. Niliwaza kwamba gauni hili lilikwisha kuchukua mtu wake, haliwezi kuchukua mara mbili. Wenzangu walipoondoka nililifua pale pale shuleni kwa sabuni ya mche mpaka weupe ukarudi, nikalianika, nikalipiga pasi, nikakificha kitambaa changu kizima, nikalipeleka kama langu.

Mwalimu alivuta mishono, akalishika dirishani. "Mkono wako umetulia kuliko wewe mwenyewe," alisema, akanipa alama za juu kuliko wote. Kisha akanirudishia. "Nasikia dada yako yuko karibu kujifungua. Mpelekee."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nguo iliyokatazwa kufika nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa naipeleka.

Nilimkuta dada uani, ameshika nguzo, uchungu umeanza. Jirani alikuwa amekwenda kuita bodaboda. Bibi aliutazama mfuko wangu.

"Umebeba nini?"

Aliufungua mwenyewe. Aliligeuza gauni ndani, akapitisha kidole kwenye mwisho wa mshono, akakaa chini.

"Siku zote hizi lilikuwa wapi?"

"Kabatini shuleni, bibi. Nisamehe, waitu," nilisema, kwa neno letu la heshima.

"Dada yako ameliona?"

"Hapana."

"Basi asilione."

Alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma. Alichimba amepiga magoti, akalikunja gauni mikono ikiwa kifuani, akalilaza. "Haya, mwenye nguo, chukua nguo yako," alisema kwa Kihaya. "Huyu mwingine tuachie." Alifukia huku bodaboda ikipiga honi barabarani.

Mtoto alizaliwa hospitalini jioni hiyo, wa kike, akalia kabla hajafutwa. Alirudi nyumbani amefungwa khanga.

Cheti ninacho. Alama zilizomo si zangu, na mwalimu hajui. Mtoto analia vizuri, kwa sauti kubwa. Taabu yangu ni anaponyamaza. Mchana akilala naacha cherehani, naingia polepole nimwekee kidole chini ya pua. Mara nyingi namkuta bibi ametangulia, ameinama, kidole chake kipo hapo, naye anakitoa haraka kana kwamba alikuwa anafukuza nzi.