Trekta la Kumvunia Baba Neema

Jamani, cheka ukitaka, mimi mwenyewe nilishachoka kujionea aibu, ila nisikilize mpaka mwisho, hasa wewe uliyeachana na mwenzio na watoto bado wanauliza baba yuko wapi.

Mimi na baba Neema tulikuwa na ndoa ya bomani, ikavunjika mahakamani kimyakimya, akaenda zake Uchindile kufanya kazi kwenye mashamba ya miti, tukakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayewaambia watoto. Nikawakalisha kweli, Neema na mdogo wake Deo, nimewapikia na samaki wa nazi, nikafungua mdomo niseme tumeachana, na kilichotoka ni, "Baba amekwenda shambani Mofu kuamia ndege." Mpunga ulikuwa unatoa masuke, na kwetu Ifakara msimu huo akina baba wengi wanahamia vibandani shambani kufukuza ndege, hakuna mtoto anayeshangaa. Deo akasema haya, akaomba kipande kingine cha samaki. Nikajipongeza! (Baba yao akipiga simu alikuwa ananikuta kwenye cherehani yangu, watoto wako shule. Aliponiuliza kama nimeshawaambia, nikajibu nimeshawaambia, tena wameelewa vizuri sana.)

Tabu ya ndege ni kwamba wana mwisho. Mpunga ukakomaa, baba za wenzao wakaanza kurudi na magunia, wa kwangu hayupo. Zamu ya jumuiya yetu ya kanisani kusali nyumbani kwangu ikafika, na wakati wa kutaja nia za maombi Neema akasimama, mikono kifuani, akasema, "Tumwombee baba yetu, yuko Mofu peke yake, mpunga umemshinda kuvuna." Watu wote wakaitikia, na mimi nikaitikia.

Mwenyekiti wetu wa jumuiya, mama Sabina, hakungoja hata chai.

"Mama Neema, mbona unataka kufa na tai shingoni? Jumamosi tunakwenda kuvuna, wote!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema asanteni.

Nilidhani watasahau. Jumamosi asubuhi nasikia trekta linanguruma mlangoni, tela limejaa wanajumuiya na miundu yao ya kuvunia, sufuria la wali limefunikwa, na nyimbo zimeshaanza. Neema alikuwa ameshapanda, amekumbatia shati safi la baba yake. Nikapanda na mimi huku natafuta namna ya kuugua ghafla.

Hata mjini hatukutoka. Tunapita mbele ya kinyozi, Deo akaruka, "Baba! Baba yule!" Trekta likasimama, na kweli, baba Neema kakaa kwenye kiti, kitambaa shingoni, povu kidevuni. (Alikuwa amerudi jana yake, anajitengeneza aje kuwaona watoto.)

"Baba Neema!" mama Sabina akapaza sauti. "Sisi ndio tulikuwa tunakuja kukuvunia!"

"Kuvuna nini, mama? Mimi nimetoka Uchindile." Kisha akaniona. "Wewe, si ulisema umeshawaambia?"

"Kutuambia nini?" akauliza Neema, na wimbo ukafa tela zima.

Uongo mwingine ulishafika kwenye ncha ya ulimi, nakiri. Ila nilimwona mwanangu amelibana lile shati, ananitazama mimi, si baba yake, nikasema leo basi, wacha Ifakara nzima isikie. Nikashuka na mundu wangu mkononi, nikawaketisha watoto kwenye benchi la kinyozi, nikawaambia yote, kwamba mimi na baba yao tumeachana, kwamba si kwa kosa lao, na kwamba Mofu hakuna mpunga wetu wala ndege wetu. Baba Neema akafuta povu, akachuchumaa mbele yao.

"Ni kweli, wanangu. Nimeachana na mama yenu, ninyi sijawaacha."

Deo akaangua kilio. Neema hakulia.

"Mama," akasema, "na wewe siku ukiondoka, utasema umekwenda kuamia ndege?"

Watu wale wote hawakuniuma (mama Sabina aligeuza trekta, wali wakaenda kuula kwake, na mpaka leo wakikutana nami wananiuliza habari za mavuno). Swali lile ndilo lililoniuma, na linaniuma bado. Nikamwapia palepale, kinyozi akiwa shahidi, kwamba sitamdanganya tena, liwe jambo dogo au kubwa.

Kuapa ni rahisi, kuaminiwa ndiyo kazi. Juzi nimemwambia, "Naenda sokoni kununua uzi, narudi sasa hivi." Akaacha kufua, akavaa ndala, akanifuata kimya mpaka sokoni. Sikumrudisha. Nitaaga, nitasema niendako, na nitarudi, kila siku ya Mungu, mpaka siku nitakapoaga na yeye aendelee kufua.