Kopo la Shaba la Hamama

Kila asubuhi, kabla mguu wake haujagusa sakafu, Hamama Sharabi huinama kwenye beseni lililo kando ya kitanda na kujimiminia maji kwa kopo: mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, mpaka kila mmoja upate mara tatu. Ndipo hufungua kinywa, na akishakifungua, jirani zake wote hapa Yerusalemu wanajua kumekucha.

Nimepanga chumba kwake mwaka wa tatu sasa. Kwa miaka ishirini na sita alipika kwenye makao ya wazee mtaa wa pili, na Jumanne mimi huenda huko kumsomea gazeti Bibi Shifra, mwenye miaka tisini na moja.

Penye mlango wa chumba cha kulia kuna masinki mawili, la wanaume na la wanawake, kila moja na kopo la mishikio miwili. Kwa sheria ya Kiyahudi, hakuna anayemega mkate kabla ya kunawa hapo. Lakini makopo ya wanawake yalikuwa yakipotea. Vikongwe waliyabeba vyumbani ili wanawie kitandani alfajiri. Meneja, Bwana Feldheim, akachukua drili, akatoboa kitako cha kopo moja la shaba la wanawake lililobaki.

"Nani ataiba kopo linalovuja?" alisema, akijichekea.

Kwa sheria hiyo kopo lenye tundu si kopo, na maji yake hayahesabiki. Feldheim analijua hilo tangu utotoni. Vikongwe wenye macho mabovu walinawa haraka wakaenda kula. Bibi Shifra aliliona tundu siku ileile, akaacha mkate. Siku tisa alikunywa supu tu, maana wali haumkai tumboni, akaanza kudhoofika.

Jumanne ile Hamama alimfuata Feldheim mezani, nami nipo.

"Bwana, huyu mama anakwisha."

"Si kuna wali? Ale wali, hauhitaji kunawa."

"Mbona la wanaume halina tundu?"

"Wanaume hawaibi."

"Hawaibi kwa sababu hawaamki alfajiri."

Wazee wawili wakacheka. Feldheim akaweka kijiko chini. "Hamama, tangu lini mwiko wa kupikia ukatoa hukumu za dini? Rudi jikoni."

Hakurudi. Alikwenda kwenye sinki la wanawake, akajaza kopo lile la shaba, akarudi nalo likichuruzika njia nzima, akalishika juu ya sahani ya Feldheim.

"Basi nawa kwa hili, Bwana. Kisha umege mkate, wakuone."

Feldheim akaficha mikono chini ya meza. Maji yakamtiririkia kwenye suruali mpaka kopo likaisha. Chumba kizima kilimtazama, na mikono haikutoka.

"Vua aproni," alisema. "Usije kesho."

Hamama aliivua, akaiacha juu ya sahani ya Feldheim. Nyuma yetu Bibi Shifra alikwishainuka. Alijikongoja hadi kwenye sinki la wanaume, akachukua kopo lao, akanawa, akaketi, akamega mkate. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Tulirudi kwa miguu. Hamama alilikumbatia lile kopo kifuani, na blauzi yake ilikuwa imelowa. Hasira yangu ilitaka kumpata mtu, ikampata yeye: miaka ishirini na sita ya kazi imekwenda kwa ajili ya kopo.

"Mama Hamama, si ungewaletea tu lingine kutoka nyumbani, kimyakimya?"

"Nililileta," alisema. "Ndilo hili alilolitoboa."